Tuwatunze Wazee Wetu Maradhi Yanapoingia: Somo Kutoka Chaka

Msafiri anayetoka Nyeri kwenda Nanyuki, akiisha kupita Kiganjo, hufika Chaka, mahali penye stesheni ya reli, soko, na maduka ya nyama kando ya barabara. Upande wake wa kulia huuona Mlima Kenya, na upande wa kushoto safu ya milima ya Nyandarua. Hiyo ndiyo nchi ya Kieni, nchi ya baridi kali asubuhi na mvua haba, kwa kuwa milima hiyo huzuia mawingu yasimwage maji yake huko. Msafiri akiiacha lami na kufuata njia za vumbi, ataona kwamba nyumba hazikukaribiana kama zile za Othaya au Mukurwe-ini kwenye mashamba ya kahawa. Zimeachana. Kati ya boma na boma pana shamba la viazi, ua wa waya, pengine bonde zima. Na katika nyingi ya nyumba hizo anaishi nyanya au babu, peke yake au pamoja na wajukuu, watoto wake wakiwa Nairobi au Nanyuki wanatafuta riziki.

Somo letu la juma hili lamhusu mzee huyo. Twataka kujiuliza: maradhi ya kuambukiza yakiingia nchini, yeye atalindwaje? Jibu lake si jepesi kama watu wengi wanavyodhani, nasi tulilipa ada kubwa kulijifunza.

YALIYOTUPATA MWAKA 2020

Tarehe 13 Machi, 2020, Waziri wa Afya, Bwana Mutahi Kagwe, ambaye zamani alikuwa Seneta wa Nyeri, aliwatangazia wananchi kwamba mgonjwa wa kwanza wa Korona amepatikana Kenya. Siku mbili baadaye shule ziliamriwa zifungwe. Tarehe 27 Machi ikaanza kafyu, watu wasitoke nje tangu saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili mji wa Nairobi na viunga vyake vikafungwa, asiingie mtu wala asitoke, na hali hiyo ikadumu mpaka mwezi wa Julai. Makanisa na misikiti nayo ilikuwa imefungwa. Na iliporuhusiwa kufunguliwa mwezi huo wa Julai, watu waliozidi umri wa miaka 58 waliambiwa wabaki nyumbani.

Kwa nini wazee walitengwa namna hiyo? Haikuwa kwa dharau. Mwezi wa Februari 2020 waganga wa China walitoa hesabu ya wagonjwa zaidi ya 44,000 waliothibitishwa. Kati ya wale wenye miaka 80 na zaidi, karibu 15 katika kila 100 walikufa. Wenye miaka 70 hadi 79 walikufa 8 katika kila 100. Lakini kati ya vijana wa miaka 20 hadi 39 hakufa hata mmoja katika kila 100. Sababu yake ni kwamba mtu akizeeka, nguvu za mwili za kupigana na vijidudu hupungua, na tena mara nyingi huwa anayo maradhi mengine ya kudumu, kama presha, sukari, au udhaifu wa moyo na mapafu. Kwa sisi wa Nyeri jambo hili ni zito zaidi. Ilipofika Desemba 2018 Serikali ilianza kujaribu mpango wa afya kwa wote katika kaunti nne, yaani Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Na Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya wingi wa watu wenye presha na sukari.

Hata hivyo, msomaji asidhani kila maradhi ya mlipuko huwatafuta wazee kwanza. Homa kuu ya mwaka 1918, iliyoingia kwa njia ya Mombasa na kusambaa bara, iliwaua sana vijana wenye nguvu zao. Kipindupindu nacho huwadhuru upesi watoto wadogo na wazee, kwa kuwa miili yao haistahimili kupungukiwa na maji. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza afisa wa afya anaposimama barazani ni hili: ugonjwa huu humshika nani zaidi, nao huenea kwa njia gani? Asiyeuliza hivyo hujikuta akinawa mikono kwa ugonjwa unaoletwa na mbu.

KUMLINDA SI KUMFUNGIA

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Mwaka ule wa 2020 watoto wengi walipiga simu nyumbani wakasema, "Mama, usitoke nje, usipokee mgeni." Maneno hayo yalikuwa ya upendo, na yalikuwa ya kweli. Lakini kwa wengine ulinzi wote uliishia hapo.

Tutoe mfano. Tuseme kuna nyanya wa miaka 78 anayekaa kilomita nne kutoka Chaka. Ana presha, na kila mwezi hupanda boda boda kwenda kliniki kupimwa na kupewa vidonge. Jumapili huenda kanisani, na huko ndiko wenzake humwona, wakajua kama amekonda au amechoka. Siku ya chama huketi na akina mama wengine, naye hununua sukari na mafuta ya taa akirudi. Haya, mwambie asitoke. Juma la kwanza ni salama. Juma la tatu vidonge vimekwisha. Hasemi, maana wazee wetu hawapendi kuwasumbua watoto, na tena anaogopa hospitali kwa kuwa amesikia kwamba huko ndiko wagonjwa wa Korona waliko. Kanisa limefungwa, chama hakikutani, basi hakuna jicho linalomwona. Mwezi wa pili anaanguka jikoni, upande mmoja wa mwili umepooza. Katika hesabu ya Serikali hatatajwa kuwa mgonjwa wa Korona.

Yafaa kulinganisha na nchi za Ulaya. Mwezi wa Aprili 2020 mkuu wa Shirika la Afya Duniani katika Ulaya alisema kwamba katika baadhi ya nchi hizo hata nusu ya waliokufa kwa Korona walikuwa wakiishi katika nyumba za kutunzia wazee. Kule wazee wengi hukaa chini ya paa moja, na mtunzaji mmoja huingia chumba baada ya chumba, hivyo ugonjwa ukiingia mlangoni huwapata wote. Huku Kieni ni kinyume. Umbali wa nyumba zetu ni kinga ambayo hatukuinunua. Lakini umbali huo huo waweza kumnyima mzee dawa, chakula, na mtu wa kumsemesha. Kazi yetu basi ni kuupeleka msaada bila kuupeleka ugonjwa.

DAFTARI LA WAZEE

Kazi hiyo huanza kwa kujua wazee ni nani na wako wapi. Jambo hili lachekesha wengine, kwani kijijini nani asiyemjua nani? Lakini kumjua mtu si kujua vidonge vyake vitakwisha lini. Kwa hiyo wale wa Nyumba Kumi, pamoja na naibu wa chifu na mhudumu wa afya wa jamii, na waandike katika daftari moja jina la kila mzee, maradhi aliyo nayo, dawa anazotumia na tarehe zitakapokwisha, simu ya mtoto wake, na jirani aliye karibu naye kuliko wote. Maradhi ya mtu ni siri yake, kwa hiyo daftari hilo lisisomwe barazani wala lisiachwe juu ya meza ya duka. Na mzee mwenyewe aulizwe kwanza kama anakubali kuandikwa.

Kisha kila mzee awe na mtu mmoja wa kumwangalia, na wa pili wa akiba ikiwa yule wa kwanza ataugua. Watu kumi wenye huruma wanaopishana mlangoni ni hatari kuliko mmoja mwaminifu. Mtu huyo aje kila siku au kila siku ya pili, saa ile ile, ili mzee amtazamie. Wakiongea, waongee uani kwenye hewa, kila mmoja juu ya kigoda chake, umbali wa hatua mbili, na mgeni avae barakoa. Akiwa na kikohozi au mafua, asije, amtume mwenzake.

Hapa pana jambo la adabu ambalo wageni wa mjini hawalifikirii. Kwetu, kumnyima mzee mkono ni kumtukana. Mwaka 2020 vijana walianza kusalimia kwa viwiko, na wazee wengine waliona ni mchezo wa kitoto. Ni bora kueleza kabla: "Guka, leo sikupi mkono kwa sababu nakuheshimu, mkono wangu umeshika pesa za matatu." Mzee akielewa sababu, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye atakayewakemea wengine.

Dawa za presha na sukari zisikatizwe hata siku moja kwa sababu ya mlipuko. Mapema kabisa, maradhi yakitangazwa, mtu wa familia aende zahanati na kitabu cha mgonjwa, aulize kama aweza kupewa dawa za miezi miwili au mitatu kwa pamoja. Hali ya mgonjwa ikiwa imetulia, mara nyingi mganga hukubali. Vidonge vikija, visomewe mzee na kutiwa alama: vya asubuhi mahali pake, vya jioni mahali pake. Wala asishawishiwe kuviacha ili anywe tangawizi na limau. Chai ya tangawizi haina ubaya katika baridi ya Kieni, lakini haitibu Korona wala haishushi presha. Kujifukiza kwa maji ya moto nako kumewaunguza watu, na mzee ambaye mikono yake yatetemeka asifanye kabisa.

Twende sasa kwenye dalili, kwa kuwa hapa watu wengi hukosea. Wengi hungoja homa. Lakini mtu mzee aweza kuwa na ugonjwa mkubwa mwilini asiwe na homa hata kidogo. Badala yake utaona amechanganyikiwa, anauliza jambo lile lile, amekataa chakula anachokipenda, amelala mchana kutwa, au ameanguka bila sababu. Watu husema, "Ni uzee tu." Uzee hauji kwa siku mbili! Badiliko la ghafula ni ugonjwa mpaka mganga aseme vinginevyo. Mhesabu pumzi zake kwa dakika moja akiwa ametulia. Zikizidi 30, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, au akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, apelekwe hospitali saa ile ile, kafyu au isiwe kafyu. Kwa hiyo dereva mwenye gari ajulikane mapema, simu yake iandikwe katika daftari, naye awe amekubali kuitwa usiku.

NYUMBANI KWAKE

Maji huku ni ya shida. Hata hivyo kunawa mikono hakuhitaji bomba. Chukua mtungi wa plastiki wa lita tano, utoboe kwa msumari karibu na mdomo, uutundike juu ya mti kwa kamba, na kamba nyingine uifunge kwenye kijiti cha kukanyagia chini. Ukikanyaga, mtungi huinama na maji hutiririka; ukiachia, hurudi. Sabuni itobolewe na kutundikwa kando yake. Uwekwe langoni, si jikoni, ili anayeingia anawe kabla ya kusalimia.

Baridi ya Chaka huwafanya wazee wakae jikoni karibu na moto, mlango umefungwa. Moshi huo hudhoofisha mapafu, na hewa iliyofungwa hupitisha ugonjwa upesi kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Dirisha na lifunguliwe, mzee aongezewe blanketi.

Wajukuu ni jambo gumu zaidi. Shule zilifungwa tangu Machi 2020, na ukiwaacha wa darasa la nne, la nane na kidato cha nne waliorudi tarehe 12 Oktoba, watoto hawakurudi mpaka Januari 2021. Wengi walikuwa nyumbani kwa nyanya zao. Kuwafukuza haiwezekani, tena si busara, maana wao ndio wanaoteka maji, wanaoleta kuni, na wanaomsomea nyanya ujumbe wa simu. Ila walale upande mwingine kama nafasi ipo, nyanya awe na kikombe na sahani yake, na mtoto akitoka kucheza anawe kwanza. Kijana mkubwa anayekuja kutoka mjini ni habari nyingine. Mwaka ule Serikali iliwasihi watu wa Nairobi wasipeleke ugonjwa kwa wazazi vijijini, na wengine walikuwa wamekwisha kupanda matatu. Ikiwa hana budi kuja, alale chumba cha peke yake na ale peke yake kwa siku zile ambazo watu wa afya watazitaja kwa ugonjwa ule.

Juu ya fedha tuseme kwa ufupi. Mpango wa Inua Jamii uliwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na tarehe 25 Machi, 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nyongeza ya shilingi bilioni 10 kwa wazee, mayatima na wanyonge wengine. Lakini fedha hizo zililipwa kwa njia ya benki, na hivyo wazee walilazimika kutoka nyumbani, wengine kusimama foleni pamoja, kwa ajili ya msaada ule ule uliokusudiwa kuwalinda. Wakati kama huo yafaa wazee wa kijiji wapangiwe siku tofauti, waende asubuhi, na kila mmoja asindikizwe. Na anayemsaidia mzee kutoa pesa za M-Pesa asiijue namba yake ya siri. Mzee aibonyeze mwenyewe. Matapeli hupenda siku za msiba.

CHANJO NA UPWEKE

Tarehe 3 Machi, 2021 shehena ya kwanza ya chanjo ya Korona ilifika Kenya, kadiri ya vipimo milioni moja. Wahudumu wa afya walianza, na kabla mwezi haujaisha watu wa miaka 58 na zaidi wakaruhusiwa. Hapo umbali ukaonekana tena: chanjo ilikuwa hospitali, na mzee alikuwa shambani. Siku kama hiyo gari moja la kanisa au la chama lina faida kuliko matangazo mia ya redio. Ikiwa mzee ana wasiwasi, asibishiwe na mjukuu wake mbele ya watu. Atafutwe mtu wa rika lake aliyekwisha kuchanjwa, amweleze jinsi mkono ulivyouma na jinsi homa ilivyokuja siku moja ikaondoka.

Kuna maumivu mengine ambayo sindano haiyafikii. Mwaka 2020 maziko yalifanywa upesi, na waliohudhuria walikuwa wa familia tu. Mzee wa Chaka alimsikia rika lake, mtu waliyetahiriwa pamoja na kuchunga pamoja, amefariki ng'ambo ya bonde, naye hakuruhusiwa kwenda kumwaga udongo. Watoto wake walidhani ametulia. Hakutulia, alinyamaza. Mwandishi wa somo hili aona kwamba hapa ndipo tulipokosea kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hapakuhitajiwa fedha. Ilitosha mtu kuja uani, akakaa kwenye kigoda saa nzima, akamwacha azungumze juu ya marehemu. Ilitosha kumpigia simu mjane na kumpa mzee simu mkononi. Wengi walifarijiwa na ibada katika redio za Kikuyu, lakini redio hailijui jina lako.

Tukumbuke tena kwamba karantini na kafyu si mambo mapya kwa wazee wa Nyeri. Aliyekuwa na miaka 78 mwaka 2020 alikuwa mtoto wa miaka kumi Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, na alikuwa amepata kumi na miwili watu walipoanza kuhamishwa kwa nguvu mwaka 1954 na kutiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, wasitoke ila kwa saa zilizoamriwa. Gari lenye kipaza sauti likipita likisema "msitoke nje," yeye husikia jambo ambalo kijana halisikii. Kwa hiyo aende mtu, si kipaza sauti. Amweleze sababu, amwulize anaonaje. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yampa mtu wa miaka 60 na zaidi haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima, pamoja na kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa Serikali. Mpango unaomhusu mzee ukifanywa bila yeye kuulizwa, mara nyingi huvunjika kabla ya juma kwisha, kwa kuwa atatoka kwa mlango wa nyuma aende kumtazama ng'ombe wake.

Tarehe 5 Mei, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya Korona imekwisha. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo wahudumu wa afya wa jamii katika Kenya walianza kupewa mikoba yenye vyombo vya kupimia presha na sukari, kazi ambayo zamani ilimlazimu mzee kusafiri. Basi daftari la wazee lisitupwe. Likae kwa mhudumu huyo, nalo lipitiwe kila mwezi kabla ya siku ya kliniki; namba za simu zilizobadilika zisahihishwe, waliofariki wafutwe, na waliotimiza miaka 60 mwaka huu waongezwe, hata kama wenyewe watakataa kuitwa wazee.